Mwokaji wa Mikate ya Wafu

Ukiingia dukani kwake, hata kabla hujasema unataka nini, ulikuwa unapewa kipande. "Onja kwanza, uniambie," alisema. Alimega mkate kwa vidole vilivyojaa makovu ya tanuri, akakunyooshea juu ya kaunta ukiwa bado unatoa mvuke, halafu akasimama kukutazama. Hakukutazama machoni. Alikutazama mdomo unavyotafuna, na hakugeuka mpaka useme neno. Ukisema "mtamu" haikutosha. Alitaka kujua mtamu vipi, chumvi imezidi au imepungua, iliki inasikika au haisikiki. Wateja wageni walidhani anawapima akili. Sisi majirani tulidhani ni ukarimu tu wa watu wa kwao, na tulikula vipande vyake vya bure miaka mingi bila kujiuliza lolote.

Jina lake lilikuwepo ukutani, kwenye leseni ya duka ndani ya fremu, nami nililisoma mara nyingi nikingoja zamu yangu. Hakuna aliyelitumia. Wareno wachache waliobaki mtaani kwetu Troyeville walimwita kwa jina la marehemu mumewe, Wazulu walimwita Gogo, yaani bibi, sisi wa Kiswahili tulimwita Mwokaji, naye akaitika kote. Alitoka Meksiko, akaolewa na Mreno, wakaishi kaskazini ya Msumbiji, kisha wakaja Johannesburg na tanuri lao. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu asili yake na hakupenda kuulizwa zaidi. Kiswahili alikitoa huko Msumbiji. Kilikuwa cha pwani, kimepinda kidogo, kama gauni lililoshonwa na mtu asiyejua vipimo, lakini kilimtosha kugombana na kila mtu.

Mimi nilikuwa mlango wa pili, chumba kimoja, vyerehani viwili. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba, nikamsikia alfajiri akiongea na mumewe, aliyekuwa amekufa miaka mingi kabla sijafika. Hakuwa anaomba wala kulia. Alikuwa anamfokea. "Nilikwambia mlango huu wa tanuri ubadilishe. Nilikwambia au sikukwambia?" Halafu kimya, kirefu kiasi cha mtu kujibu. Halafu, "Aa, basi, yaishe." Mwanzoni nilikuwa nasimamisha cherehani nisikilize, nywele zimenisimama. Baadaye nilizoea. Ukikaa Johannesburg unazoea mengi.

Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili na kitambaa kichwani, na papo hapo alikuwa na mambo ambayo padri wake angeyasikia angekaa chini. Wafu hakuwaogopa hata kidogo. Radi aliiogopa. Mvua za Novemba zinapoanza hapa, mbingu inapasuka kila jioni, na yeye, mwanamke aliyeingiza mikono motoni maisha yake yote, aliingia chini ya meza ya kukandia unga, akakaa huko na rozari mpaka ipite. Nilimkuta mara nyingi. Aliniambia nipite tu, nichukue mkate wangu, nisijifanye nimemwona.

Ilikuwa ni mvua hiyohiyo iliyomtia wasiwasi kuhusu sikukuu yake, Siku ya Wafu. Kwao, alisema, Novemba ni mwisho wa mvua. Mahindi yameshavunwa, njia zimekauka, maua ya manjano yamejaa mashambani, na wafu wanarudi nyumbani kula kwa sababu chakula kipo. Huku kila kitu kilikuwa kinyume. Novemba ndiyo mvua zinaanza, na maua yanayodondoka njiani ni yale ya zambarau ya mijakaranda, yasiyo na harufu ya kumwongoza mtu. "Watajuaje njia?" aliniuliza siku moja, kwa uchungu kabisa, kama mtu anayengoja wageni wa basi na hajawapa anwani. "Wao wanakuja kwa pua, binti. Si kwa macho."

Kwa hiyo kila mwisho wa Oktoba alikwenda Fordsburg, kwa Wahindi, msimu wa Diwali, sikukuu yao ya taa. Wao pia wanayatumia yale maua ya manjano yenye harufu kali, wanayatunga mashada. Alirudi na magunia mawili, akakaa mlangoni kuyachambua. Nilimsaidia, na kwa kuwa sikuwa na maua ya kumpa nilimpa ubani niliotumiwa na mama yangu kutoka Tanga. Aliunusa. Sasa ninapokumbuka, aliuweka puani muda mrefu mno. Kisha aliniambia niuwashe mimi, nimweleze unanukiaje.

Hiyo ilikuwa 2015, na hapo inabidi nimtaje kaka yangu.

Kaka yangu Idrisa ndiye aliyenileta Afrika Kusini. Alikuwa mlinzi wa ghala la mizigo Midrand. Mwaka uliotangulia, siku ya Jumatatu, alikunywa chai kwangu, akachukua koti, akasema jioni nimwekee ukoko wa pilau, akaenda kazini. Kazini hakufika. Simu yake ililia mara mbili kisha ikanyamaza. Nilikwenda hospitali, nikaenda polisi, nikaenda vyumba vya maiti, nikafunuliwa nyuso nisizozijua mpaka nikaota nazo. Hakuwa miongoni mwao. Tanga, mama yetu alikataa kusikia neno khitma. Mke wa Idrisa, wifi yangu Mwanahamisi, alibaki vilevile, si mke wala mjane, hajui avae nini. Wote wawili walikuwa wananingoja mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Johannesburg. Kila simu mama alianza kwa swali moja. "Umepata neno?" Na mimi sikuwa na neno.

Basi jioni ya siku ya kwanza ya Novemba Mwokaji akanialika nyuma ya duka kuiona meza yake. Ilikuwa imepandishwa ngazi tatu kwa masanduku ya unga yaliyofunikwa shuka nyeupe. Mishumaa, maua, glasi za maji, kisahani cha chumvi, kwa sababu wafu hufika na kiu. Na mikate. Mikate ya mviringo yenye sukari juu, na juu ya kila mmoja vipande vya unga vilivyofinyangwa mfano wa mifupa, vimekingamana, na katikati kidonge kama fuvu. Ilinukia machungwa na iliki. Kwao walitia kitu kingine, alisema, lakini pwani ya Msumbiji ilimzoesha iliki, na wafu wake nao ilibidi wazoee.

Nyuma ya mikate zilikuwepo picha, na hizo picha ndizo zilizonishika roho. Nyingi zilikuwa za watu wengi pamoja, harusi, wafanyakazi mbele ya duka, familia ufukweni, na katika kila picha baadhi ya nyuso zilikuwa zimezibwa kwa vijikaratasi vyeupe vilivyobandikwa kwa uji wa ngano.

"Hao wamefanya nini?" nikauliza.

"Hawajafanya kitu. Wako hai. Aliye hai haitwi mezani, ni kumtakia mabaya. Akifa, nambandua."

Mimi ni Mwislamu, najua mpaka wangu uko wapi, na pale nilikuwa nimeshauvuka kwa miguu miwili. Ila nilikuwa nimechoka kufunuliwa maiti. Nilikimbia chumbani, nikarudi na picha ya Idrisa, ile ya kitambulisho cha kazini, nikaiegemeza kwenye glasi ya maji.

Mwokaji aliinyakua kabla sijaondoa mkono. "Amekufa?"

"Sijui."

"Hujui, unamweka?" Aliishika ile picha kifuani, uso ndani, akapumua kama aliyekimbia. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliketi kwenye ndoo, akafikiri. Halafu akasema picha hapana, lakini sahani inawezekana. Nilete chakula anachokipenda, kiwekwe pembeni bila picha, bila jina. Asubuhi tutakionja. Wafu hawali chakula, wanakula ladha. Aliyekuja na kula ataacha wali ule ule, punje zile zile, lakini ukiuweka mdomoni ni kama kutafuna karatasi. Kama una ladha, basi mwenyewe hajaja, na asiyekuja huenda bado anakula kwingine.

Nilipika pilau. Nikaweka na ukoko juu. Asubuhi alichota kijiko, akafumba macho, akatafuna taratibu sana. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta.

"Chumvi ipo," alisema. "Mdalasini upo. Kila kitu kipo. Hajaja, binti."

Nililia kwa furaha mpaka akanipa aproni yake nijifute. Siku hiyo mama aliponiuliza kama nimepata neno, nilisema nimepata. Sikumwambia nimelipata wapi. Nilisema kuna watu wanaamini bado yupo, tusubiri. Nikasikia wifi yangu akimshukuru Mungu kwa nyuma.

Kulikuwa na mkate mmoja ambao Mwokaji hakuuweka mezani. Ulikaa peke yake kwenye dirisha la nyuma, mdogo, umeokwa kwa uangalifu kuliko yote. Nikamuuliza ni wa nani. "Wa asiye na mtu," akasema. Asubuhi alionja mikate yote, ya mumewe, ya wazazi, ya wafanyakazi wa zamani, akitoa hukumu kama hakimu, huyu kala, huyu kala, huyu alikuwa mlafi hata akiwa hai. Ule wa dirishani hakuugusa. Aliuvunjavunja bila kuutazama, akawatupia njiwa.

Kuhusu zile nyuso zilizozibwa nitasema jambo moja tu, kila mtu aamue mwenyewe. Mwaka wa pili, mwezi wa Mei, mbali kabisa na sikukuu, niliingia kununua mkate nikaona karatasi moja imedondoka sakafuni chini ya picha ya harusi. Nikainua macho. Bwana mmoja mwenye masharubu, ambaye sikuwahi kumwona uso, alikuwa ananitazama. Nikamwambia Mwokaji gundi imeachia kwa joto la tanuri. Aliitazama picha, akavua kofia yake ya kazi, akaenda kukaa karibu na simu. Alikaa hapo siku mbili, wateja wakijihudumia. Siku ya pili ikalia kutoka Lisbon. Shemeji yake, yule bwana wa masharubu, amefariki. Tangu hapo, nikipita mbele ya zile picha nilikuwa natembea upandeupande nisizipigie upepo.

Alipenda kueleza sikukuu ilikotoka, na kila mwaka alieleza tofauti kidogo kutegemea amekasirikia nini. Akiwa amewakasirikia mapadri, alisema ni kongwe kuliko kanisa. Wazee wa nchi yake waliwalisha wafu wakati wa mavuno kabla meli za Wahispania hazijaonekana, na mapadri waliposhindwa kuiua sikukuu waliihamisha, wakaipandikiza juu ya siku zao za watakatifu na marehemu. Akiwa amewakasirikia matajiri, alisema uhai wake umo katika kicheko, katika michoro ya mifupa iliyovaa kofia za manyoya, kuwakumbusha wakubwa kwamba nao chini ya hariri ni mafuvu tu. Na akiwa amezikasirikia enzi hizi, alisema imekwisha. Alipokuwa msichana, usiku huo watu walikaa makaburini na vikapu vya chakula, wananong'ona, wanapaka chokaa misalaba. Sasa wajukuu wa ndugu zake wanamtumia picha za maandamano barabarani, watu wamepakwa rangi nyuso, watalii wananunua tiketi. "Wageni wanakuja kuwaona wafu wetu," alisema, "na wafu wenyewe hawapati pa kupita."

Nilimwambia hata kwetu mambo hubadilika. Zamani Tanga khitma ilikuwa wali na dua, siku hizi kuna mahema na spika kubwa na watu wanakadiria ni ng'ombe wangapi. Sisi tunawapikia walio hai ili wawaombee wafu, nyinyi mnawapikia wafu wenyewe. Alifikiri, akasema tofauti si kubwa, sufuria ni lile lile.

Lakini mtu huyo huyo, mwaka wa 2017, alinishangaza. Mkahawa mmoja wa Randburg ulimtaka aoke mikate ya mafuvu kwa ajili ya tafrija ya Siku ya Wafu, pombe, muziki, vijana. Mabango yalikuwa na fuvu lenye miwani ya jua. Alimfukuza mjumbe wao kwa kijiti cha kusukumia unga. Wiki nzima alilalamika. Jioni yenyewe ikafika, nikamwona amevaa gauni jeusi nililomshonea mimi, anapanda gari na mikate yote waliyoomba. Asubuhi iliyofuata duka lilifunguka saa zile zile, na nyuma ya kaunta alisimama yeye na uso wa fuvu. Walimpaka rangi, macho meusi, meno yamechorwa mpaka mashavuni, naye hakunawa. Alilala nayo, ikawa imefutika upande mmoja, nusu bibi kizee, nusu mzoga.

"Onja kwanza," fuvu likaniambia.

Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu aliyesuka nywele ng'ambo ya barabara, mlokole wa kukesha kanisani, alifika mlangoni na kurudi nyuma. "Haki ya Mungu, mimi siingie mule! Ule mama amevaa sura ya mufu!" Mwokaji alicheka mpaka rangi ikapasuka. Nikamuuliza, si ulisema wanaichafua? Akasema ndiyo, wanaichafua. Akasema pia kwamba pale katikati ya ngoma, msichana mmoja asiyemjua, amelewa, alimshika mkono akamwambia mama yake amekufa Machi na hajui pa kumweka. "Hata huko wanakuja," alisema. "Mlango mbaya, lakini mlango."

Kwa hiyo miaka ilikwenda. 2016, chumvi ipo. 2017, kila kitu kipo, ukoko mtamu. Na mimi kila Novemba nikapiga simu Tanga, subirini. Mwaka wa 2018 mama aliniambia kuna mtu wa Pangani, mstaarabu, mwenye duka la vipuri, ameulizia habari za Mwanahamisi. Wazee wanataka jibu moja, Idrisa ni marehemu au si marehemu. Wifi yangu mwenyewe akachukua simu. "Wifi," alisema, "wewe ukiniambia nisubiri, nitasubiri. Ila niambie kweli." Alikuwa na miaka thelathini na moja. Nikaenda kwa Mwokaji, akaonja, akasema ladha ipo. Nikamwambia Mwanahamisi asubiri. Yule mtu wa Pangani akaoa kwingine.

Mwezi mmoja baadaye Mwokaji aliteleza kwenye unga uliolowana, akavunjika nyonga. Duka likafungwa. Mama Furaha, aliyekuwa ameacha kusuka na kuajiriwa kulea wazee, ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee kulekule Randburg alikofanya kazi. Mara ya mwisho kumwona Mwokaji ilikuwa hapo, Novemba ya 2019.

Alinipigia simu Oktoba. Tanuri hana, kwa hiyo nimwokee mimi. Alinitajia vipimo kwenye simu, nikaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza. Mkate mmoja tu mkubwa, na ule mdogo. Nilioka yote miwili kwa unga mmoja, nikauonja ule mkubwa kama nilivyozoeshwa. Ulikuwa mtamu kweli, machungwa, siagi, iliki nyuma kabisa. Siku ya kwanza ya Novemba, mchana, nilipanda teksi mbili nikaipeleka, pamoja na sahani ya pilau yenye ukoko.

Chumba chake kilikuwa cheupe na kidogo. Mishumaa ya moto hairuhusiwi, walimpa ile ya betri. Meza ilikuwa ile ya kulia chakula kitandani. Aliniomba nifungue droo, nimtolee kitabu cha misa, na ndani yake picha. Wawili mbele ya duka la Troyeville, likiwa jipya, rangi bado mbichi, mwanamke na kijana mrefu amemwekea mkono begani. Nyuso zote mbili zimezibwa karatasi.

"Mwanangu," alisema. "Alikwenda kuiona nchi yangu. Alikuwa na miaka ishirini. Akatuma kadi kutoka kaskazini ya kule, kituo cha basi. Halafu Basi."

Sikujua hata kama alizaa. Miaka minne nilikaa naye nikimlilia kaka yangu, na hakuwahi kusema.

"Mbandue," akasema.

"Nani?"

"Yeye. Mimi niache, mimi nitajibandua."

Karatasi ilikuwa imekauka, nikailowesha kwa mate. Chini yake alikuwepo kijana anayecheka, macho ya mama yake. Niliiegemeza picha kwenye glasi ya maji, na mbele yake nikaweka ule mkate mdogo, mwenzake wa ule uliokuwa ukikaa dirishani. Sahani ya Idrisa niliiweka pembeni, bila picha, kama siku zote.

Nilirudi asubuhi. Mlangoni nilipokelewa na fuvu. Nilipiga kelele, fuvu likanishika mkono likaniambia pole.

"Ni mimi, dada. Ni patron, bosi yetu, anatulazimisha," alisema Mama Furaha, macho yake yamezungushiwa weusi, meno yamechorwa mashavuni. "Anasema ni ya kumufurahisha bibi. Eish, Mungu anisamehe." Nyuma yake walezi wengine wenye nyuso za mifupa walikuwa wanasukuma vitoroli vya chai kimyakimya kwenye korido, na wazee waliinua vinywa vyao kupokea vijiko. Alikuwa ameshika kikombe cha Mwokaji. Akaonja kidogo, akakunja uso. "Wametia chumvi mahali ya sukari. Lakini kwake ni sawa tu."

"Kwa nini ni sawa?"

"Wewe haukujua? Ule mama hasikiake ladha. Hata harufu. Iko mu dossier yake, mu faili ya daktari. Alianguka kule mu boulangerie, mu duka yake ya mikate, akagonga kichwa, zamani sana, mbele ya wewe kufika Joburg."

Nilisimama pale korido na begi langu. Nikaviona vile vipande vyote vya mkate, miaka yote, na yeye akitutazama midomo. Halafu nikamwona Mwanahamisi, na hasira ikanipanda mpaka masikioni.

Nilipoingia alikuwa ameketi, amechanwa nywele, amevaa lile gauni jeusi nililomshonea. Alinitazama mara moja tu akajua.

"Ulinidanganya," nikasema.

"Ndiyo."

"Miaka minne. Kuna mwanamke kule nyumbani amekaa kwa neno lako!"

"Najua." Hakujitetea. "Mwaka wa kwanza nilitaka kusema sijui. Nikakuona umeshika kaunta. Hakuna mtu wa kuniambia mimi neno lile, binti. Nikasema, angalau mmoja alisikie."

Nilitaka kuondoka. Nasema kweli, nilishaushika mlango. Akasema kwa sauti ndogo, "Onja kwanza, uniambie."

Aliuelekeza mkono kwenye mkate mdogo. Nikaumega. Ulikuwa laini kama nilivyouacha, sukari ilining'ang'ania vidoleni. Nikauweka mdomoni.

Hakukuwa na kitu. Si uchachu, si ukavu. Sukari ilikwaruza ulimi kama mchanga na haikuwa tamu. Nilitafuna, nikasikia ulaini na chembechembe, na ladha hakuna kabisa, kama mdomo ulikuwa wa mtu mwingine. Nikashika kijiko haraka, nikachota pilau ya Idrisa, kwa sababu nilitaka kujua kama ni ulimi wangu ulioharibika. Nikatafuna wali. Nikavunja ukoko kwa meno, nikausikia unavyolia. Hakuna. Karatasi.

Yeye alikuwa ananitazama mdomo.

"Una ladha?" aliuliza.

"Ipo, Mama," nikasema. "Machungwa yapo. Iliki ipo, nyuma kabisa. Mtamu sana."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyoitikia mtu aliyesikia bei inayofaa. Akachukua picha, akaitazama, akakilamba kile kipande cha karatasi kilichokuwa bado juu ya meza na kukirudisha usoni kwa mwanawe, akakikandamiza kwa kidole gumba. Sijui kama aliniamini. Mimi nilimwamini kwa miaka minne kwa kuwa nilitaka. Nikambusu mkono, nikatoka.

Nje, kwenye kona ya roboti, taa za barabarani, kulikuwa na mama anayekaanga magwinya, yale maandazi ya huku yasiyo na sukari. Nikanunua moja, nikauma nikiwa nimesimama. Chumvi. Mafuta. Achari ya pilipili iliyoniunguza ulimi. Kila kitu kilikuwepo, na nilisimama pale barabarani nikalia, yule mama akaniuliza kama limeniunguza, nikasema ndiyo.

Nikapiga simu Tanga. Mama aliuliza swali lake.

"Nimepata, Mama," nikasema. "Mwiteni sheikh asome. Na mwambieni Mwanahamisi akae eda, aimalize, aangalie maisha yake. Mwambieni anisamehe."

Nilisikia kuku wa kwetu, na mtu anafagia uani. Nilingoja aniulize nani kaniambia, nami sikuwa nimeandaa uongo.

"Basi tutapika pilau," alisema mama, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayepanga shughuli. "Nitawaambia wauache moto kidogo chini. Marehemu alipenda ukoko."